PUMZI: KIFUA KINAFUNGUKA, HEWA INAINGIA YENYEWE

Somo kwa vikundi vya sala, wamama, vijana na korali

Someni kwanza: Mwanzo 2:7; Ezekieli 37:1-10; 2 Wafalme 4:29-37.



Maandiko matatu tuliyoyataja hapo juu yanasema habari moja. Katika Mwanzo, mwili wa Adamu umekwisha kutengenezwa. Una mikono, una miguu, una kifua, lakini umelala pale chini kama chungu cha mfinyanzi, mpaka Mungu anapoutia pumzi kwa njia ya pua. Katika bonde la Ezekieli mifupa inakutana, nyama inarudi, ngozi inafunika, na bado ni maiti. Nabii anapaswa kutabiri mara ya pili, na mara hii anaisemesha pumzi. Angalieni vizuri: mwili ni kazi moja, pumzi ni kazi nyingine.

Sisi watu wa Kanisa la kinabii tunalipenda sana neno hili. Tunaliimba katika mikesha, tunalihubiri kwenye vilio, tunalitumia tunapombariki mtoto mchanga. Lakini mtu akituuliza, hewa inaingiaje kifuani, na ikifika humo inafanya nini, wengi wetu tunanyamaza. Kunyamaza huko kungekuwa kitu kidogo kama kusingeua. Kuna jamaa zilizolala vizuri jioni na asubuhi zikakutwa zimekufa, mlango umefungwa, bila jeraha. Kuna watoto waliokufa kwa kukosa pumzi huku kituo cha afya kiko mwendo wa nusu saa. Na baada ya kuzika, mara nyingi bibi mzee wa jirani au mtoto yatima wa nyumbani akanyoshewa kidole kuwa mchawi. Kwa hiyo tulijifunze jambo hili polepole.

MAPAFU HAYANA NGUVU YA KUVUTA

Wengi hudhani mapafu yanafanya kazi kama mkono, kwamba yanajikaza, yanavuta hewa, halafu yanaisukuma nje. Sivyo. Tazameni mapafu ya mbuzi siku mnapochinja. Ni kitu chepesi, laini, cha rangi ya waridi, na ukikitupa majini kinaelea. Mchinjaji akiyapulizia hewa yanavimba, akiondoa mdomo yananywea mara moja. Hiyo ndiyo tabia ya mapafu, siku zote yanataka kunywea. Yakiachwa peke yake hayafunguki hata kidogo.

Ni nani basi anayeyafungua? Ni kifua.

Wazee wetu wa Katanga, wale waliokuwa wakiyeyusha shaba zamani, walikuwa na mivukuto ya ngozi. Mhunzi hakuhitaji kusukuma hewa iingie ndani ya mvukuto. Aliinua ngozi tu. Nafasi ya ndani ikawa kubwa, na hewa ya nje, ambayo inatubana sisi sote pande zote mchana na usiku bila sisi kuisikia, ikaingia yenyewe kujaza ile nafasi. Akishusha ngozi, hewa ikatoka kwenda motoni. Kifua chetu ni mvukuto wa namna hiyo.

Chini ya mapafu, juu ya ini na tumbo la chakula, kuna ukuta mpana wa nyama unaotenga kifua na tumbo. Jina lake ni kiwambo. Ukipumzika, umepinda kwenda juu kama mfuniko wa sufuria. Ukijikaza, unashuka na kunyooka, sentimita moja au mbili tu katika pumzi ya kawaida, na kupita hapo katika pumzi kubwa. Wakati uleule misuli iliyo katikati ya mbavu inaziinua mbavu juu na nje. Basi chumba cha kifua kimepanuka chini, mbele na pande zote, na hewa inaingia kwa pua bila kulazimishwa.

Jaribuni sasa, hapo mlipokaa. Weka mkono mmoja juu ya kitovu na mwingine juu ya kifua, vuta pumzi taratibu. Mkono wa tumbo unasukumwa mbele. Hewa haijaingia tumboni, hapana. Ni kiwambo kimeshuka na kuyasukuma matumbo. Mwimbaji wa korali anayeinua mabega kila anapovuta pumzi anajichosha bure. Anayejua kukishusha kiwambo anaimba ubeti mzima bila kukatika, na wapiga tarumbeta wa fanfari wanalijua jambo hili kuliko wahubiri.

Mapafu yanafuataje kifua kinapofunguka, wakati hayakufungwa kwa kamba? Hapa Muumba alifanya kazi ya ajabu. Pafu limevikwa ngozi nyembamba sana, na mbavu kwa ndani zimevikwa ngozi nyingine kama hiyo, na katikati yake kuna maji kidogo tu, vijiko vichache. Chukua vipande viwili vya kioo, tia tone la maji katikati, vibananishe. Vitateleza kimoja juu ya kingine, lakini kuviachanisha ni shida. Ndivyo pafu linavyoshikwa na ubavu. Mtu akichomwa kisu au akipigwa risasi ya kifua, hewa ikapenya kati ya zile ngozi mbili, pafu linaachia na kunywea, hata kama lenyewe halikupasuka. Ninyi mlioishi katika vita mmeona watu wa namna hiyo wakihema. Mtu huyo hangoji asubuhi.

Na kutoa pumzi? Kwa mtu aliyetulia, kutoa pumzi ni kupumzika. Kiwambo kinalegea, mbavu zinashuka, mapafu yananywea kama yanavyotaka siku zote, hewa inatoka. Tunatumia nguvu wakati wa kukohoa, kupiga kelele, kuimba, kupuliza tarumbeta au kukimbia.

Mtu mzima aliyetulia anavuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika, na kila mara ni kama nusu litri. Hesabuni wenyewe: kwa siku moja ni pumzi zinazokaribia au kupita 20,000, na hewa ya litri kama 10,000, yaani mapipa makubwa 50 ya litri 200. Hakuna anayekula wala kunywa kiasi hicho. Tunakagua unga kama una wadudu, tunachemsha maji, lakini ile hewa ya mapipa 50 hatuiulizi imetoka wapi. Mvukuto hauchagui. Ukiuweka penye hewa safi unavuta hewa safi, ukiuweka penye sumu unavuta sumu.

SAFARI YA HEWA MPAKA DAMUNI

Hewa ikipita puani inapashwa moto, inalainishwa kwa unyevu, na vumbi kubwa linashikwa na vinyweleo na kamasi. Ndiyo sababu ni vizuri kupumua kwa pua kuliko kwa mdomo. Kisha inashuka kooni, mahali ambapo njia ya hewa na njia ya chakula zinaachana. Hapo pana mfuniko mdogo unaofunga njia ya hewa tunapomeza. Mtoto anayecheka huku ana karanga mdomoni anaweza kuudanganya mfuniko huo, na karanga ikishuka mara nyingi inaingia upande wa kuume, kwa maana bomba la kuume ni pana zaidi na limenyooka zaidi. Msiwape watoto wadogo karanga nzima.

Bomba la hewa linagawanyika mawili, la kuume na la kushoto. Pafu la kuume lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, kwa sababu upande ule limeuachia moyo nafasi. Kila bomba linagawanyika tena na tena, mara 23 hivi, kama mti wa mwembe uliopinduliwa chini juu, mpaka mwisho wa vitawi vile kuna vifuko vidogo sana vya hewa, zaidi ya milioni 300. Vifuko hivyo vyote vikifunguliwa na kutandazwa chini, vingefunika sakafu ya kanisa la mita 7 kwa mita 10. Kanisa zima la namna hiyo limekunjwa ndani ya kifua cha mtu.

Kuta za vifuko ni nyembamba kuliko karatasi mara nyingi, na nyuma yake inapita mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Hapo ndipo mabadilishano yanafanyika. Katika hewa tunayovuta, kila sehemu 100, kama 21 ni oksijeni. Katika hewa tunayotoa zinabaki kama 16. Sehemu zile zilizopungua zimeingia damuni, zimebebwa na chembe nyekundu, zinakwenda kwenye ubongo, moyo, misuli na mimba tumboni mwa mama. Damu nayo inaleta takataka ya moto wa mwili, yaani gazi karboniki. Katika hewa safi gazi hiyo karibu haipo. Katika hewa tunayotoa ni kama sehemu 4 kwa 100.

Mtoto aliye tumboni hafanyi kazi hii. Mapafu yake yamejaa maji, na oksijeni yake inapitia kitovu. Dakika ile anapozaliwa, anapaswa kuyafungua mara ya kwanza, na pumzi ile ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote zitakazofuata maishani. Kilio chake tunachokishangilia ni mlango unaofunguka. Asipolia, mkunga hana muda wa kutafuta aliyemroga. Amkaushe upesi, amsugue mgongo, asafishe kinywa kama kimeziba, na asipopumua ndani ya dakika ya kwanza asaidiwe kwa kifaa cha kumpulizia hewa. Kwa hiyo tunawasihi wamama wetu wazalie mahali penye kifaa hicho na mtu anayejua kukitumia.

NI NANI ANAYETUKUMBUSHA KUPUMUA

Usingizini hatukumbuki kupumua, na bado tunapumua. Sehemu ya chini ya ubongo, pale unapokutana na shingo, inakesha kwa ajili yetu. Mlinzi huyo hasa anapima gazi karboniki katika damu. Shika pumzi yako sasa. Baada ya muda kidogo unashindwa, unafungua mdomo. Kinachokulazimisha siyo hasa upungufu wa oksijeni, ni wingi wa ile gazi. Mlinzi ameona takataka imejaa, amepiga kengele.

Kumbukeni kengele hiyo, kwa sababu mambo matatu yanayofuata yanaitegemea.

La kwanza tunaliona katika mikesha yetu. Mtu anasali kwa nguvu, anahema haraka haraka, muda mrefu. Anatoa gazi karboniki nyingi kupita kiasi. Basi kichwa kinazunguka, midomo na vidole vinamchoma kama sindano, mikono inajikunja na kukakamaa, pengine anaanguka. Hatukatai kwamba Roho anashuka juu ya watu, Kanisa letu limezaliwa katika jambo hilo. Lakini 1 Yohana 4:1 inatuagiza kuzipima roho, na kupima ni pamoja na kuuangalia mwili. Mtu wa namna hiyo akalishwe, watu waondoke juu yake apate hewa, asemeshwe kwa upole apumue polepole na kuitoa pumzi kwa muda mrefu. Dakika chache zinatosha kwa wengi. Msimfunike kichwa kwa kitambaa au mfuko. Msimpige mgongoni, wala msipige kelele masikioni mwake kwamba pepo atoke. Na kama ana homa, au kifua chake kinapiga mluzi, au maumivu ya kifua, au hatulii, huo si uchovu wa sala, ni ugonjwa, apelekwe.

MAKALA YASIYO NA MOSHI

La pili ni mbabula. Lubumbashi na Likasi, usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi inauma, na katika vilima vya Kivu kila mwezi una usiku wa baridi. Watu wanapika nje, chakula kikiisha wanasema, makala yameiva, hayana moshi tena, tuyaingize ndani yatupashe moto. Wanafunga dirisha, wanaziba chini ya mlango kwa gunia, wanalala.

Makala yakiwaka penye hewa kidogo yanatoa gazi ambayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Waganga wanaiita monoksidi ya karboni. Ikifika katika vile vifuko vya hewa inaingia damuni na kuzishika chembe nyekundu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe zimebebeshwa mzigo usiofaa, nafasi ya oksijeni haipo tena. Damu inazunguka, moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka vizuri kabisa, lakini ubongo unakufa njaa.

Na kengele? Kengele hailii. Mlinzi anapima gazi karboniki, na hiyo inaendelea kutoka kama kawaida. Kwa hiyo mtu hasikii kubanwa. Anasikia kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu, miguu kulegea, na usingizi mtamu. Anageuka upande wa pili na kulala, haamki. Ndiyo maana wanakutwa vitandani wametulia, hakuna aliyekimbilia mlangoni. Watu wanasema, kama ingekuwa moshi wangeamka, basi hii ni kazi ya usiku. Hapana, wapendwa. Moshi unaweza kuamsha. Hii hapa inalaza.

Moto wa makala ni wa nje, au wa jiko lenye dirisha na mlango wazi. Hakuna mbabula inayolala na watu, hata ikiwa imebaki makaa mawili mekundu, hata kwa mama aliyejifungua, na kwake hasa, maana mimba na mtoto mchanga wanaumia mapema. Jenereta ya kupigia vyombo vya muziki wakati wa mkesha inatoa gazi hiyohiyo, ikae nje, mbali na dirisha. Mkifungua nyumba mkakuta watu wamelala kwa namna hiyo, fungueni kila kitu, waburuteni nje kwenye hewa, ninyi wenyewe msikae humo mkiomba, ombeni nje, kisha hospitali, penye oksijeni ya chupa. Hata aliyeamka na kusema amepona apelekwe.

Jambo la dirisha lina faida nyingine. Kifua kikuu kinapita kwa hewa ya mtu anayekohoa, na chumba kilichofungwa chenye watu 60 usiku kucha ni shamba lake. Mnaoandaa mikesha, afadhali watu wajifunike mablanketi kuliko kufunga madirisha. Anayekohoa kupita majuma mawili aende apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu zinatolewa bure na mpango wa serikali.

MAZUKU

La tatu wanalijua watu wa Goma na Sake kuliko wote. Katika ardhi ile ya milima ya moto, chini ya Nyiragongo na Nyamulagira na kando ya ziwa Kivu, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo gazi karboniki inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa bondeni kama maji yasiyoonekana, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Wenyeji wanaiita mazuku. Mbuzi akishuka kula majani anaanguka. Mbwa anayemfuata anaanguka. Mtoto anayeinama kuokota anaanguka, na baba yake aliyesimama pembeni hasikii kitu, kwa sababu kichwa chake kiko juu ya lile ziwa la gazi.

Hapa kengele inalia, tena kwa nguvu, lakini haisaidii. Mwili unataka kutoa gazi, kifua kinafunguka zaidi, na kinachoingia ni ileile. Penye gazi nyingi, pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu. Anayeruka shimoni kumwokoa mwenzake bila kufikiri anakuwa wa pili. Mwokozi asishuke, atumie kamba au mti mrefu kumvuta aliyeanguka.

Tusidhani ni habari ya Goma tu. Katika nchi ya Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa wingu la gazi hii kutoka vilindini, likashuka mabondeni, na watu kama 1,700 walikufa pamoja na maelfu ya ng'ombe. Ziwa letu la Kivu nalo limebeba gazi nyingi sana kilindini, na ndiyo sababu wataalamu wanalichunguza.

Basi wakati watu wanakufa kwa pamoja bila jeraha, kabla ya kutamka jina la mtu yeyote, wazee wa Kanisa waulize maswali matatu. Kulikuwa na moto ndani? Madirisha yalikuwaje? Mahali penyewe ni bondeni? Mimi nasema wazi, nabii anayemtaja mchawi kabla ya kuuliza habari za mbabula hajafanya kazi yake. Na ikiwa anayetajwa ni mtoto, jueni kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria inaadhibu.

FIMBO YA GEHAZI

Tumebakiza wale wanaokufa kwa kukosa pumzi mchana, mbele ya macho yetu. Ni watoto wa chini ya miaka mitano, na ugonjwa wenyewe mara nyingi ni nimonia. Vile vifuko tulivyosema vinajaa usaha na maji mahali pa hewa. Mlango wa oksijeni unafungwa sehemu baada ya sehemu. Mtoto anajaribu kulipa kwa kuhema haraka. Lakini kumbukeni kwamba katika kila pumzi sehemu fulani inaishia katika mabomba tu bila kufika kwenye vifuko. Kwa mtu mzima ni kama 150 kati ya zile mililitri 500. Anayehema kwa pumzi fupi fupi anajaza na kumwaga mabomba, anachoka, na faida ni ndogo.

Wamama, macho yenu yanatosha kuliona jambo hili. Mfunue mtoto nguo, awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60, ni haraka mno. Wa miezi miwili mpaka kumi na mmoja, 50. Wa mwaka mmoja mpaka kufikia mitano, 40. Mwenye kikohozi akifika hesabu hiyo aende kituo cha afya siku ileile. Na tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima anapovuta pumzi, kifua na tumbo vinatoka pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta, ujue kiwambo kinavuta kwa nguvu zote na mapafu yamekuwa magumu hayafuati. Hilo ni la kukimbia nalo. Vilevile akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au ulimi na midomo ikigeuka rangi ya buluu.

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu linaulizwa kila mahali: je, kumpeleka si kukosa imani? Someni 2 Wafalme 4 tena. Elisha alimtuma kwanza Gehazi na fimbo. Gehazi alikwenda mbio, akaiweka fimbo juu ya uso wa mtoto, na hapakuwa na sauti wala kusikia. Fimbo ilikuwa ya nabii wa kweli, na haikutosha. Ndipo Elisha alipokuja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba. Je, aliishia hapo? Baada ya kuomba alipanda kitandani, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto, mpaka mwili ukapata moto. Sala na kazi ya mikono ziko katika kisa kimoja, na aliyezifanya zote mbili ni nabii. Tunaoshika fimbo na maji ya baraka tusiwe Gehazi. Mwombeeni mtoto njiani, juu ya pikipiki, katika foleni ya kituo, usiku kando ya kitanda chake. Asiyekuwa na fedha ya kituo alete habari kwa diyakoni saa yoyote, sanduku la wagonjwa ni kwa ajili hiyo.

KAZI YA JUMA HILI

Kila kikundi kilete saa yenye mshale wa sekunde au telefone. Kila mmoja ajihesabu pumzi dakika nzima akiwa amekaa, kisha baada ya kuimba nyimbo tatu kwa nguvu, azilinganishe. Vijana wapite katika nyumba tatu za waamini na kuuliza mbabula inalala wapi. Halafu wamama wajifunze kuhesabu kwa mtoto mmoja mzima wa kikundi, wawili wawili, kila mmoja kwa siri, na mwishoni waonyeshane hesabu. Zikitofautiana kwa zaidi ya tano, rudieni. Mtoto akilia, ngojeni anyamaze, ndipo mwanze upya.